Tutakula nini Arusha?

Bi harusi mmoja kaniuliza: fungate Arusha, huko bara tutakula nini?

Nikacheka. Watu wa pwani waliuliza hivyohivyo karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipopanda kutoka Pangani. Mbele nyika ya Wamasai, hakuna shamba. Kwa hiyo walipumzika chini ya Mlima Meru, penye udongo wa volkano na mito, wakanunua ndizi, mahindi na maharage. Wauzaji? Wanawake wa Kiarusha, waliolipwa shanga na nguo. Basi ni mama waliowalisha wasafiri wetu!

Reli ya Tanga ilifika Moshi 1911, Arusha 1929, na safari ya miguu ikawa hadithi.

Sisi tulikwenda Disemba, familia nzima. Nyama tulinunua bucha la Waislamu mjini, tukapikiwa kwa ndizi. Kisha Tengeru, siku ya soko, mama mmoja akatumiminia loshoro: mahindi na maziwa ya mtindi. Mama mkwe, aliyebeba mikate yake tangu Unguja, alionja kwa adabu tu.

Akaomba kikombe cha pili. Mikate ilirudi nyumbani.