Jamaa ya Mbilimbi na Daftari la Mimea ya Newala

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilikusudiwa fedha na bidhaa, lakini laifaa pia mimea ya nchi. Kichaka kikifyekwa na kijimmea kikipaliliwa, pahala pake huota kitu kingine, na baada ya kizazi kimoja hakuna awezaye kushuhudia kwamba kilikuwapo, isipokuwa kiliandikwa. Historia ya jamaa moja ya mimea, ikitazamwa kutoka Newala, yatosha kuwa mfano.

Jamaa hiyo wataalamu huiita Oxalidaceae, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya uchachu. Watu wa pwani waijua kwa mbilimbi, mti wenye asili ya Asia ya kusini-mashariki, ambao matunda yake hutiwa katika achari. Mwaka 1753 Linnaeus aliupa jina la Averrhoa kwa kumkumbuka Ibn Rushd, tabibu na mwanafalsafa wa Cordoba aliyefariki mwaka 1198. Ndugu zake wa Afrika ni wanyonge zaidi: magugu ya Oxalis, yenye vijani vitatu vitatu, na mimea ya Biophytum, ambayo majani yake hujikunja yakiguswa, mfano wa kifauwongo. Mkulima huipalilia pasipo kuiuliza jina.

Kusini ya mto Ruvuma, katika Msumbiji, Mjerumani Wilhelm Peters alikusanya mimea na wanyama katika safari yake ya tangu mwaka 1842 hata 1848. Mmea mmoja aliouchukua ulipewa na Klotzsch, mtaalamu wa Berlin, jina la Biophytum petersianum. Hivyo jina la mkusanyaji likadumu katika elimu. Majina ambayo wenyeji waliuita mmea huo hayakuwa na nafasi katika jina lile.

Kaskazini ya mto, Newala yakaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma kwa chini. Mvua inyeshayo hapo hunywewa na mchanga, hata watu wa zamani walizoea kushuka mteremko mrefu kuteka maji. Walter Busse alikusanya mimea katika uwanda huo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1906 Karl Weule alikaa Newala akichunguza desturi za watu, na kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Kati ya mwaka 1930 na 1935 Hans-Joachim Schlieben alikusanya maelfu ya vielelezo katika Tanganyika, pamoja na sehemu za Lindi. Mingi ya mimea hiyo ilikaushwa, ikabandikwa juu ya karatasi, ikapelekwa Berlin. Katika mji huohuo, mwaka 1930, Reinhard Knuth alitoa kitabu kikubwa kilichoeleza jamaa nzima ya Oxalidaceae ulimwenguni.

Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Machi 1943, katika vita, mabomu yaliangukia jumba la mimea la Berlin, na sehemu kubwa kabisa ya hazina yake ikateketea. Kitabu cha Knuth kilibaki, lakini mashahidi wake wengi wakawa majivu. Hasara hiyo si ya karatasi tu. Kwa kanuni ya elimu ya mimea, kila jina hufungwa na kielelezo kimoja kilichochaguliwa. Wataalamu wakibishana, hurudi kukitazama. Kikipotea, maneno ya kitabu huwa kama hati isiyo na sahihi. Kilichookoa mengi ni desturi ya wakusanyaji ya kugawa nakala: karatasi zilizokuwa zimepelekwa katika majumba mengine zilisalimika.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na jumba lake. Lilianzia Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walifungua chuo cha utafiti mwaka 1902. Vielelezo vyake vilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Huko Amani P. J. Greenway alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, na hivyo majina ya wenyeji yakapata ukurasa wao. Mwaka 1952 ilianza kuchapwa kazi ndefu ya kueleza mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo haikumalizika hata mwaka 2012. Sehemu ya Oxalidaceae ilitoka mwaka 1971, na mwandishi wake hakuwa mgeni wa kupita: alikuwa Christine Kabuye, mzaliwa wa Uganda, aliyelisimamia jumba la Nairobi kwa miaka mingi.

Hata hivyo kazi hiyo kubwa ina mpaka wake. Tanzania bara iligawanywa humo katika sehemu nane, na Newala iliwekwa katika sehemu ya nane pamoja na Lindi, Masasi, Tunduru na Songea. Msomaji akiona alama ya sehemu hiyo peke yake, hawezi kujua kama mmea ulichumwa juu ya mchanga wa Makonde au katika milima ya Songea, mamia ya kilomita upande wa magharibi. Jawabu limo katika kijikaratasi kilichobandikwa kando ya mmea mkavu.

Leo sehemu kubwa ya vichaka vya uwanda huo imekuwa mashamba ya mikorosho, na mikorosho hulisha watu. Hapana haki ya kumlaumu mkulima. Lakini yampasa mwanafunzi wa elimu ya mimea kuchuma hata gugu chachu kabla jembe halijapita, kuandika kijiji, tarehe na jina la Kimakonde, kisha kuweka nakala Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. Daftari moja, hata likiwa kubwa namna gani, laweza kuungua kwa usiku mmoja.