Anamwambia Nani?

Bwana Msa hana shida na kamera. Muhammed Said Abdulla alimchonga huku akimtupia jicho Sherlock Holmes, kiko na vyote, akampa Najum kama Holmes alivyopewa Watson: swahiba wa kushangaa kwa niaba yetu. Anachowaza mpelelezi hatukijui mpaka mwisho, naye hukitoa kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu. Kabla ya hapo, uso uliotulia nyuma ya moshi unatosha.

Taabu huanza riwaya inapohamia kichwani mwa mhalifu. Katika The Talented Mr. Ripley (1955), Patricia Highsmith hatupi mwanya wa kutoka: husuda ya Tom, hesabu zake za fedha, woga wake kila akiona polisi, vyote vinatupitia hadi tunajikuta tukimwombea asikamatwe. René Clément alipoitengenezea filamu, Plein Soleil ya 1960, mkononi alikuwa na sura ya Alain Delon. Akamvika nguo za rafiki yake, akamsimamisha mbele ya kioo aige sauti ya mwenye nguo, kisha akibusu kioo. Tamaa tumeiona, tena vizuri. Woga je? Sura ile ni nzuri mno, woga haushiki. Mwishoni Clément anamwacha akielekea mikononi mwa polisi, jambo ambalo Highsmith hakulifanya. Tuliyemtazama kwa nje tu, ni rahisi kumhukumu.

Billy Wilder alikuwa mjanja zaidi. Katika Double Indemnity ya James M. Cain, ni mwishoni ndipo tunapojua kwamba tulichosoma ni maungamo ya ajenti wa bima. Filamu ya 1944, ambayo Wilder aliiandika pamoja na Raymond Chandler, inaanza na hayo maungamo: ajenti ana risasi mwilini, ameketi ofisini usiku, anaongea na mashine ya kurekodi sauti, na kila neno linamwendea Keyes, mwenzake wa kazini. Akifika pale alipokwisha kuua, tunaona mtu anatembea barabarani, basi. Sauti ndiyo inayotuambia kwamba hakuzisikia nyayo zake mwenyewe. Hilo halipigiki picha. Wala halichoshi, maana yuko anayeambiwa.

Willy Gamba wa Elvis Musiba naye husimulia kwa "mimi" katika Kufa na Kupona (1974). Atakayemtia kwenye filamu asianze na bastola na magari. Aanze kwa kumtafuta huyo ambaye Willy anamwambia.