Daftari la Watu Wasio na Mtaa

Marekani kuna watu wenye nyumba moja tu, nayo ina magurudumu. Wengi wao ni wastaafu. Wameuza nyumba waliyolelea watoto, wakagawa samani, wakanunua trela lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji, na sasa wanalivuta kwa pikapu: wakati wa baridi wako jangwa la Arizona, wakati wa joto wako Oregon au Montana. Baadhi yao kila wanaposimama hutoka na kipokezi cha GPS au simu kwenda kutafuta kasha lililofichwa na mtu wasiyemjua. Ndani ya kasha mna daftari. Huandika jina na tarehe, hulirudisha kasha lilipokuwa na kwenda zao. Mchezo huo unaitwa jiokeshingi. Wauza matrela, na wasafiri wenyewe wanapojisifu, hueleza maisha hayo kuwa ni uhuru: kutofungwa na mahali, na jirani, wala na serikali. Historia yao inasema kinyume. Tangu mwanzo watu wa matrela wamehangaika kutafuta namna ya kujulikana kuliko watu wa nyumba za kudumu, na daftari la ndani ya kasha ni mbinu ya karibuni tu kati ya nyingi walizozibuni kwa ajili hiyo.

Tuanzie Tampa, Florida, mwaka 1919. Ford Model T ilikuwa imeshuka bei kiasi cha mkulima na fundi kuimudu, na familia zilizokimbia baridi ya kaskazini zilipiga kambi katika bustani ya De Soto Park, zikilala kwenye mahema na kwenye magari yaliyoongezewa vibanda, zikila vyakula vya makopo. Hapo wakaunda chama, Tin Can Tourists, watalii wa makopo. Wenyeji hawakuwachangamkia sana. Mzaha uliovuma Florida ulisema kwamba mtalii wa kopo hufika na shati moja na noti moja, na hadi anaondoka hajabadilisha shati wala noti. Wageni hao waliodharauliwa wangeweza kutawanyika kimya kimya, kila mmoja na hema lake. Badala yake walichomelea kopo la supu juu ya kifuniko cha rejeta ili wakikutana barabarani watambuane. Wakawa na neno lao la siri, namna yao ya kupeana mikono, viongozi wenye vyeo vya utani, na mikutano ya kila mwaka. Anayetaka kusahaulika hachomelei alama mbele ya gari lake.

Miaka ya 1930 suala la kujulikana likahamia mikononi mwa dola. Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, aliunda trela la familia yake, watu wakalipenda, naye akaanzisha kampuni ya Covered Wagon, ambayo kufikia 1936 ilikuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewanyima wengi nyumba, na Roger Babson, mtakwimu aliyepata sifa kwa kuonya kabla ya anguko la soko la hisa la 1929, akatabiri kwamba katika miaka ishirini nusu ya Wamarekani wangekuwa wanaishi kwenye matrela. Utabiri haukutimia, lakini miji iliogopa. Ilijiuliza nani angelipa kodi ya nyumba inayoweza kuondoka usiku, na watoto wake wangesoma shule gani kwa fedha za nani. Miji mingi ikaweka muda wa mwisho wa kuegesha. Mwaka 1936 mahakama moja ya Michigan iliamua kwamba trela linalokaliwa ni makazi ya binadamu, kwa hiyo liko chini ya kanuni za nyumba. Hukumu hiyo huchukuliwa kuwa pigo kwa wasafiri, na ilikuwa hivyo. Lakini ilionyesha pia kwamba magurudumu hayakumtoa mtu nje ya macho ya sheria. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia njia ziligawanyika: kuna matrela yaliyopanuliwa mpaka yakawa nyumba za bei nafuu zisizohama tena, na kuna yaliyobaki membamba na mepesi, ya kusafiria. Hayo ya pili ndiyo yanayotuhusu.

Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, alilielewa jambo hili kuliko mfanyabiashara mwenzake yeyote. Trela lake la Clipper la 1936, la alumini inayong'aa, lilikuwa zuri, lakini uzuri peke yake haumpi mtu majirani. Kwa hiyo Byam aliwauzia wateja wake pia misafara. Mwaka 1955 wenye Airstream waliunda klabu yenye jina lake, na kila mwanachama akabandika kwenye trela lake namba kubwa nyekundu inayosomeka kwa mbali. Kambini matrela yalipangwa duara, kama mataruma ya gurudumu. Mwaka 1959 Byam aliongoza matrela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, kupitia Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 yakapigwa picha mbele ya piramidi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kejeli hapa isiyofaa kupitwa: watu waliojinadi kwa uhuru wa barabara walikatiza nchi ambazo nyingi zilikuwa bado chini ya wakoloni, wakati Kongo ilikuwa imebakiza miezi michache tu kujitawala. Kwa hoja yetu, safari ile inathibitisha jambo jingine. Hao ni watu wa matrela waliokwenda mbali sana na kwao, nao hawakwenda wawili wawili. Walikwenda na mtaa mzima.

Bado kulikuwa na tatizo ambalo duara la kambi halikulitatua. Mtu anayeishi barabarani mwaka mzima ana leseni ya udereva inayoisha, pensheni inayotumwa, kura ya kupiga na bima ya kulipa, na vyote vinauliza anwani. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson, wenyewe wasafiri wa kudumu, walianzisha klabu ya Escapees. Jina linamaanisha waliotoroka. Kazi yake iliyo maarufu kuliko zote ni kupokea barua za hao waliotoroka huko Livingston, Texas, na kuzituma walipo. Msomaji aliyekulia na S.L.P. kwenye bahasha hataona ajabu. Kwa Mmarekani, aliyezoea tarishi kufika mlangoni, ulikuwa uvumbuzi. South Dakota ilikwenda mbali zaidi: isiyo na kodi ya mapato ya jimbo, ilikubali kumpa msafiri leseni kama mkazi kwa risiti ya kulala humo usiku mmoja. Serikali ya shirikisho nayo ilijifunza kuwaorodhesha. Katika ardhi nyingi za umma za magharibi kambi ya bure huruhusiwa siku 14, kisha lazima uhame, lakini tangu 1983 maeneo kama Quartzsite, Arizona, hutoa kibali cha msimu kwa wanaotaka kukaa kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili. Quartzsite ndipo alipozikwa Haji Ali, mtunza ngamia kutoka dola ya Uthmaniya aliyeletwa na jeshi la Marekani katika miaka ya 1850 na kufariki mwaka 1902. Wamarekani waliita jina lake Hi Jolly, wakamjengea piramidi la mawe lenye ngamia juu. Katika mji ambao wakazi wengi wa baridi huondoka joto likianza, mkazi maarufu wa kudumu ni marehemu.

Jiokeshingi ilizaliwa katika mazingira hayo, ingawa chanzo chake kilikuwa kingine. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa na Wasovieti mwaka 1983, Rais Reagan aliahidi kwamba GPS, mfumo wa setilaiti wa jeshi, ungetumiwa na raia bila malipo. Jeshi likaendelea kuchafua makusudi ishara inayowafikia raia, hivyo kipokezi kingeweza kukosea kwa meta mia moja hivi. Uchafuzi huo ulizimwa kwa amri ya Rais Clinton usiku wa Mei 1, 2000. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alifukia ndoo kwa sehemu karibu na Beavercreek, Oregon, ikiwa na daftari, penseli, vitu vidogo vya kubadilishana na kopo la maharage, akatangaza namba zake za latitudo na longitudo katika kundi la majadiliano la intaneti. Siku chache baadaye Mike Teague aliipata. Mwezi Septemba Jeremy Irish alifungua tovuti ikiwa na makasha 75. Leo yamepita milioni tatu duniani. Teknolojia ilikuwa mpya, tabia ilikuwa ya kale. Mwaka 1854 James Perrott, mwongoza wageni wa Dartmoor, Uingereza, aliweka chupa huko Cranmere Pool ili waliofika waache kadi zao za kujitambulisha. Setilaiti ilirahisisha kufika, lakini kilichomfanya mtu aende hakikubadilika: kuacha jina mahali ambapo atakayelisoma ni yule tu aliyefika.

Ni rahisi kuona kwa nini mchezo huo uliwafaa watu wa matrela. Anayelazimika kuhama kila baada ya siku 14 anahitaji sababu ya kwenda hapa badala ya pale, na barabara kuu za Marekani, zenye vituo vinavyofanana kutoka bahari hadi bahari, hazimpi. Kasha humpa. Mingo, lililofichwa Mei 2000 huko Kansas kando ya Interstate 70, limewafanya maelfu wasimame katika uwanda ambao vinginevyo wangeupita kwa kasi. Kuna changamoto za kupata kasha katika kila kaunti au kila ukurasa wa kitabu cha ramani cha jimbo, na mtu mwenye kazi na mkopo wa nyumba hawezi kuzimaliza kwa likizo zake. Waendeshaji wa mchezo waliwatambua wasafiri hao: kati ya alama zinazoeleza kasha, ipo ya magari makubwa na ya kuishi. Hata makatazo yalisaidia. Hifadhi za taifa kwa kawaida hazikubali makasha ardhini, ndipo yakaja makasha yasiyo na kitu, ambapo mtafutaji hujibu maswali juu ya mwamba au genge lililo mbele yake. Upotovu haukukosekana. Nevada, kando ya barabara namba 375, yalipangwa makasha zaidi ya elfu, moja kila meta 161 au zaidi kidogo, umbali wa chini unaoruhusiwa, na watu wakawa wanasimama, wanasaini, wanaondoka, siku nzima. Huko jina linaandikwa, lakini mahali pamefutika.

Mtu anaweza kupinga kwamba jiokeshingi ni mchezo wa kujificha: kasha huwekwa mbali na macho, mtafutaji hujifanya anafunga kamba za viatu mpita njia akitokea, na jina linaloandikwa ni la kubuni. Hilo ni kweli, lakini mtu mwenye jina la kubuni analotumia kwa miaka ishirini, lenye tarehe na mahali pa kila alipopita, anajulikana vizuri kuliko wengi wetu mitaani mwetu. Siri ni kwa asiye mwenzao tu, na neno la siri la Tampa lilikuwa vivyo hivyo. Mwingine atasema wasakaji wengi wa makasha wana nyumba za kawaida, na matrela mengi hayajawahi kubeba msakaji. Hilo nalo ni kweli. Sidai kwamba mchezo ni wa watu wa matrela. Nadai kwamba walipoukuta walikuta kitu walichokwisha kukitafuta kwa miaka themanini.

Pingamizi zito ni jingine. Wapo walioingia kwenye matrela na magari kwa kukosa kodi ya pango, hasa baada ya msukosuko wa fedha wa 2008; Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu Nomadland cha 2017, wakihama kufuata vibarua vya msimu, na anayetafuta pa kuegesha asifukuzwe usiku hana hamu ya kuonekana. Kabla yao, Mwafrika-Mmarekani aliyesafiri kwa gari alihitaji mwongozo alioanza kuutoa Victor Hugo Green mwaka 1936, uliotaja mahali ambapo angepokewa bila kudhalilishwa. Kopo kwenye rejeta lilikuwa fahari kwa yule ambaye kutambuliwa hakukumhatarisha. Nakubali kikomo hicho: kuchagua nani akujue ni anasa, na haikugawiwa sawa. Hata hivyo hakivunji hoja. Maskini wa barabarani nao wameunda kambi, mikutano na majina yao, na wao wanahitaji anwani ya posta kuliko mstaafu mwenye akiba. Aliyekosa kabisa njia ya kujulikana hajapata uhuru, amepotezwa tu.

Ikiwa ndivyo, liko jambo la kufanyia kazi. Picha na kumbukumbu za Tin Can Tourists ziko katika nyaraka za jimbo la Florida, ndiyo maana leo tunaweza kuandika habari za watu waliodharauliwa kwa shati moja. Madaftari ya makasha hayana ulinzi huo. Ya karatasi hulowa, huoza, hujaa na kutupwa. Rekodi za mtandaoni ziko mikononi mwa kampuni moja ya binafsi ya Seattle. Maktaba na hifadhi za nyaraka za Marekani, kuanzia Oregon na Kansas, zianze kuyakusanya madaftari yaliyojaa kabla hayajageuka uji ndani ya makopo yake.