Mnyama Aliyehukumiwa kwa Hesabu: Mbwa wa Nyika, Ranchi na Ardhi ya Umma

Katika masomo yetu ya uraia tumekwisha kuuliza mara kadhaa ni nani mwenye malisho na ni nani mwenye haki ya kuamua yatumiwe vipi. Leo tutalifuata swali hilo mbali sana na kwetu, hadi Nyanda Kuu za Marekani. Huko limebishaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja kwa sababu ya mnyama mdogo asiyefika uzito wa kilo mbili.

Wamarekani humwita mbwa wa nyika, ingawa si mbwa hata kidogo. Ni jamaa ya kindi. Ikiwa umewahi kumwona kuchakuro akisimama wima kando ya shimo lake, basi umekwisha kupata sura yake. Jina la mbwa alipewa kwa sababu ya mlio mkali anaoutoa anapomwonya mwenzake kuwa adui amekuja. Walakota, walioishi naye kabla ya Wazungu kufika, humwita pispiza. Huishi kwa makundi makubwa, mashimo yakipakana kama nyumba za mtaa, na majani yanayozunguka mashimo huyakata yakawa mafupi ili aone mbali.

Mnamo Septemba 1804 msafara wa Lewis na Clark ulifika kwenye makazi ya wanyama hao. Watu wake walimwaga maji shimoni kwa muda mrefu hadi wakamtoa mmoja akiwa hai. Mwaka uliofuata walimpelekea Rais Jefferson mbwa wa nyika aliye hai, akasafirishwa kwa miezi kadhaa, akafika mjini Washington mwezi Agosti. Wakati huo alikuwa kioja cha kumwonyesha mkuu wa nchi.

Uadui ulikuja na ng'ombe. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mlowezi kujitwalia ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima. Nyati wa Amerika waliuawa kwa mamilioni, wenyeji wakasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa, na mahali pao pakaingia mifugo na seng'enge. Mbwa wa nyika akabaki katikati ya malisho yale, akila majani ambayo sasa yalikuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo ilipotokea hesabu ninayotaka uikumbuke. Mwaka 1902 wizara ya kilimo ya Marekani ilichapisha makala ya mtaalamu wake C. Hart Merriam. Aliandika kwamba katika jimbo la Texas palikuwa na makazi yaliyoungana ya mbwa wa nyika yenye ukubwa wa maili za mraba 25,000. Eneo hilo linazidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Ndani yake, alikadiria, waliishi wanyama milioni 400. Kisha akaongeza kwamba mbwa wa nyika 256 hula sawa na ng'ombe mmoja. Msomaji yeyote aliweza kugawanya mwenyewe na kuona zaidi ya ng'ombe milioni moja na nusu wakinyang'anywa chakula.

Hesabu ile haikuwa na kosa la kugawanya. Kosa lilikuwa katika dhana iliyoibeba, yaani kwamba kila jani analokula mbwa wa nyika limetolewa mdomoni mwa ng'ombe. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa mambo hayako hivyo. Majani yanayokatwakatwa huchipua upya, na machipukizi hayo yana lishe kuliko majani makavu, hivyo nyati na hata ng'ombe huyafuata. Lakini tusimwonee mfugaji. Katika mwaka wa ukame, penye makazi makubwa ya wanyama hao, ng'ombe wake hukonda kweli, na benki haimsamehe deni kwa sababu majani yaliliwa na kiumbe wa asili.

Hata hivyo serikali haikungoja utafiti. Nafaka zilizochanganywa na striknini zilimwagwa mashimoni, na baadaye zikaja sumu nyingine kali zaidi. Jimbo la Kansas, mwanzoni mwa karne ya 20, lilitunga sheria iliyozipa serikali za mitaa uwezo wa kuwaangamiza wanyama hao hata katika shamba la mtu asiyetaka, kisha kumdai gharama. Inakadiriwa kwamba mbwa wa nyika wenye mkia mweusi waliwahi kuenea katika hekta milioni 40 hivi. Kufikia mwaka 1961 makadirio ya serikali yalikuwa takriban hekta 150,000 tu. Mwaka 1972 Rais Nixon aliwekea mipaka matumizi ya sumu katika ardhi ya serikali kuu, na idadi ikaanza kupanda. Makadirio ya mwaka 2009 yalikaribia hekta milioni moja.

Bunduki ilikuwapo tangu mwanzo, lakini kazi yake ilibadilika. Mfugaji wa zamani alifyatua ili kuokoa malisho. Baadaye zilikuja bunduki zenye risasi ndogo ziendazo kasi sana, pamoja na darubini za kulengea, na ufyatuaji ukawa mchezo. Mtu huketi kwenye meza aliyoipeleka uwandani, huegemeza bunduki, na kulenga mnyama aliye umbali wa mita mia mbili, mia tatu au zaidi. Kwa siku moja aweza kutumia mamia ya risasi. Baadhi ya wenye ranchi huwatoza wageni ada, na wapo wanaofanya kazi ya kuwaongoza. Katika majimbo mengi mnyama huyu amehesabiwa kuwa mharibifu, hivyo hakuna kikomo cha idadi.

Je, huku ni kuwinda? Kama mwalimu wa lugha, neno hili hunisumbua. Kwetu mwindaji hurudi na mawindo, na nyumbani watu hungojea kitoweo. Hapa mzoga kwa kawaida huachwa ulipoangukia. Watetezi wa mchezo husema kwamba humsaidia mfugaji bila sumu, nayo ni hoja yenye uzito, kwa kuwa sumu haichagui. Wapinzani hujibu kwamba mizoga huliwa na tai na wanyama wengine, nao humeza vipande vya madini yaliyomo. Kiswahili hapa kimetupa somo bila kukusudia: neno risasi ni jina la kile kitokacho bundukini na pia jina la madini yenyewe yaliyo sumu. Watafiti wameona pia kwamba wanyama wanaosalia baada ya ufyatuaji hutumia muda mwingi wakilinda, hula kidogo, na huzaa watoto wachache mwaka unaofuata.

Katika ranchi ya mtu, mambo haya huamuliwa na mwenyewe. Katika ardhi ya umma ni vigumu zaidi, na sehemu ya ardhi hiyo ina historia ya huzuni. Wakati wa ukame na dhoruba za vumbi za miaka ya 1930, walowezi wengi walifilisika. Serikali kuu ilinunua mashamba yao, na mwaka 1960 sehemu ya ardhi hiyo ikapewa jina la nyika za taifa. Leo ziko 20. Wafugaji jirani hupewa vibali vya kulisha humo kwa ada, wapiga risasi huingia, wapenda ndege huingia, na kila mmoja wao husema kwa haki kabisa kwamba mahali hapo ni pake pia. Walakota nao wana la kusema, kwa kuwa sehemu ya nchi hiyo ilikuwa yao kwa mkataba wa mwaka 1868.

Mfano wenye uchungu ni Bonde la Conata, Dakota Kusini. Kuna kicheche mwenye miguu myeusi ambaye karibu chakula chake chote ni mbwa wa nyika, na hulala katika mashimo yao. Sumu ilipowamaliza wale, naye alitoweka, hata akadhaniwa amekwisha duniani. Mwaka 1981 mbwa wa ranchi moja huko Wyoming alimleta nyumbani mmoja aliyekufa. Msako ukaanza, na wa mwisho 18 wakakamatwa na kufugwa ili wazae. Kuanzia mwaka 1994 wazao wao walirudishwa Badlands na Conata iliyo jirani. Upigaji risasi ukapigwa marufuku ndani ya bonde hilo.

Kisha, mwaka 2008, tauni ikafika. Ni maradhi yaleyale yaliyoingia Marekani kwa meli karibu na mwaka 1900, nayo huenezwa na viroboto. Wafanyakazi walikwenda shimo kwa shimo wakipuliza dawa ya kuua viroboto ili kuwaokoa mbwa wa nyika. Si mbali na hapo, kwenye ukanda unaopakana na ranchi, serikali hiyohiyo ilikuwa imeruhusu sumu ili wasivuke kwenda kwa jirani. Mnyama mmoja aliyehama mita chache angeweza kutoka katika bajeti ya kuokolewa na kuingia katika bajeti ya kuuawa.

Huko Colorado maafikiano yamewekwa kwenye kalenda. Katika ardhi ya umma ni marufuku kuwapiga kuanzia tarehe 1 Machi hadi 14 Juni, wakati mama wanaponyonyesha na watoto wanapoanza kutoka nje. Upande wa pili wa seng'enge, katika ardhi ya mtu binafsi, kizuizi hicho hakipo. Tarehe 15 Juni magari huegeshwa tena kando ya barabara za vumbi, meza hukunjuliwa, na mlio wa onyo husikika kutoka shimo hadi shimo.