Brownsea: Kisiwa kilikoanzia uskauti, kisha maskauti wakafungiwa

KABURI la Robert Baden-Powell, mwasisi wa uskauti aliyeaga dunia Januari 8, 1941, limo mjini Nyeri na ni maarufu humu nchini. Kisichosimuliwa sana ni historia ya kisiwa alikoanzia kazi yake, na jinsi maskauti walivyokuja kupigwa marufuku papo hapo.

Brownsea ni kisiwa cha ukubwa wa ekari 500 hivi katika bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Agosti 1907, kwa idhini ya mmiliki wake Charles van Raalte, Baden-Powell aliwapeleka huko wavulana wapatao 20 kupiga kambi kwa muda wa wiki moja.

Lililowashangaza watu wa wakati huo ni mchanganyiko wa vijana wenyewe. Wengine walitoka shule za matajiri kama vile Eton na Harrow, na wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Wa kwanza walilipa pauni moja. Wa pili shilingi tatu na peni sita. Kambini tofauti hizo ziliwekwa kando. Wote waligawanywa katika vikosi vinne: mbwamwitu, fahali, sululu na kunguru. Kila asubuhi waliamshwa kwa baragumu ya pembe ya tandala, ambayo Baden-Powell aliipata katika vita vya Matabele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe.

Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake, Scouting for Boys, na uskauti ukaenea duniani.

Mnamo 1927 kisiwa kilinunuliwa na Mary Bonham-Christie, aliyependa kuyaacha mazingira bila kuguswa na binadamu. Hata hivyo, mwaka wa 1932 aliwaruhusu maskauti 500 kuadhimisha miaka 25 ya kambi ile.

Mambo yaliharibika mwaka wa 1934. Moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya kisiwa wakati ambapo maskauti wa majini walikuwa wamepiga kambi huko. Mama huyo aliwalaumu vijana, ingawa moto haukuanzia walikokuwa, wala haikuthibitishwa aliyeuwasha. Lawama hiyo ilitosha kuwafungia mlango hadi alipofariki mwaka wa 1961.

Warithi walikabidhi kisiwa kwa serikali badala ya kulipa kodi ya urithi, na mwaka wa 1962 kikawa chini ya shirika la uhifadhi la National Trust, baada ya wananchi kuchanga fedha. Mjane wa mwasisi, Olave, alihudhuria ufunguzi wake mwaka wa 1963. Mwaka uliofuata ekari 50 zilitengewa kambi za vijana.

Agosti 1, 2007, maskauti kutoka pande zote za dunia walikutana Brownsea asubuhi kuadhimisha miaka 100, na baragumu ileile ya pembe ya tandala ikapigwa.

Huko Nyeri, kaburi lina alama ya duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti, maana yake ni: nimekwenda nyumbani.