Vitamini D na ukurutu: jua la Kiritiri latosha?

Huku Pwani Mbeere twaijua kwa muguka, basi. Lakini Kiritiri, mji wa Mbeere Kusini katika kaunti ya Embu, una jua kali karibu mwaka mzima, na jua ndilo linaloiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Hata hivyo jua hilo halizuii ukurutu. Joto, jasho na vumbi huzidisha mwasho.

Vitamini D huisaidia ngozi kujenga ukuta wake wa nje na kupambana na vijidudu. Wengi wenye ukurutu hupatikana na upungufu wake, ingawa hilo halithibitishi kuwa ndio chanzo. Utafiti wa Mongolia uliochapishwa 2014 ulihusisha watoto 107 ambao ukurutu wao huzidi msimu wa baridi. Waliopewa yuniti 1,000 kila siku kwa mwezi mmoja walipata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Lakini hiyo ni nchi ya baridi kali, watu hujifungia ndani. Sisi si wao.

Kwetu wa kuangaliwa ni mtoto mchanga asiyetolewa nje, na mama anayeshinda ndani. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Apimwe kwanza. Vidonge vikizidi hupandisha kalsiamu katika damu na kuumiza figo.

Tiba ya msingi ni mafuta mazito yasiyo na harufu mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, pamoja na krimu aliyoandika daktari. Na marashi ya mtoto, jamani, yawekeni kando.