Mbele ya Jina la Mke

Jumapili ya 30 Machi 1851, serikali ya Uingereza ilitaka kujua kila mtu amelala wapi usiku ule. Fomu zilikuwa zimekwisha gawiwa nyumba kwa nyumba, na Jumatatu makarani wa sensa wakapita kuzikusanya. Vijijini wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo karani mwenyewe aliwauliza na kuwajazia. Halafu alinakili yote kwenye daftari lake. Fomu zenyewe ziliharibiwa baadaye, tukabakiwa na daftari, hati ya mtu baki aliyesimama mlangoni kwa dakika chache.

Ukurasa wa kawaida wa kijijini uko hivi. Baba ni mkuu wa kaya, kibarua wa shambani. Mwanawe wa miaka 11, kibarua vilevile. Wa miaka 6, mwanafunzi. Bibi mjane anaishi kwa msaada wa parokia. Pengine yupo mpangaji pia, ili kodi ipatikane. Mbele ya jina la mke, kwenye safu ya kazi, mara nyingi hapakuandikwa kitu.

Maelekezo ya sensa yalitaka kazi ya mwanamke iandikwe kama ni ya kudumu. Lakini kazi yake ilifuata msimu: kuokota mawe shambani, kupalilia, kuvuna. Mavuno ni Agosti, na sensa, kuanzia 1851 hadi 1911, ilifanywa Machi au Aprili. Wenye shamba walipomaliza kuvuna, mama na watoto waliingia kuokota masuke yaliyosalia, na kaya yenye bidii ilijipatia unga wa wiki kadhaa. Mwandishi James Caird, aliyezunguka mashambani miaka hiyohiyo, alikadiria ujira wa kibarua kuwa wastani wa shilingi 9 na peni 6 kwa wiki; kusini ulikuwa chini ya hapo. Kwa fedha hiyo watoto watano hawashibi mkate. Siwezi kuisoma safu ile tupu kana kwamba mama yule alikaa bure.

Katika kaunti ya Bedfordshire mambo yalikuwa tofauti. Huko wanawake walisuka mabua ya ngano kama ukili unavyosukwa kwetu, wakauza misuko kwa urefu, nayo ikashonwa kofia mjini Luton na kwingineko. Bua lilipitishwa mdomoni lilainike kabla ya kusukwa, na watoto wa miaka minne walikwishaanza kujifunza. Kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa na soko na jina, makarani waliiandika, hata kwa wake na watoto.

Katika madaftari hayo, binti wa miaka 12 au 13 mara nyingi hutoweka kwenye kaya ya wazazi. Ukimfuata kwa parokia aliyozaliwa, unamkuta kwa watu, mtumishi wa ndani.

Takwimu za taifa nazo ziligeuka. Hadi 1871 wake wa nyumbani walikuwa na kundi lao. Mwaka 1881 wakatiwa pamoja na wasio na kazi.

Mwaka 1911 fomu za kaya zenyewe zilihifadhiwa, na wanawake walioolewa wakaulizwa wamezaa watoto wangapi walio hai wakati wa kuzaliwa, wangapi bado wapo, wangapi wamefariki. Wajane hawakuulizwa. Baadhi yao walijaza hata hivyo. Maofisa wakayapiga mstari majibu hayo yasiyotakiwa, lakini tarakimu chini ya wino bado zinasomeka.